Muulize Muuguzi: Kaka Alisaini, Mama Akaamka Hana Kidole

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Mama yangu ana miaka 63, ana sukari, na anapika vitumbua hapa Makorora, Tanga. Mwezi uliopita alilazwa kwa kidonda cha mguu wa kulia. Kaka aliitwa pembeni, akapewa fomu, akasaini. Mama aliambiwa anakwenda kusafishwa kidonda. Kesho yake nesi alipofungua bandeji, mama alihesabu vidole akakuta vinne. Hakulia. Aliuliza tu, “Cha tano mmekiweka wapi?” Tangu siku hiyo hasemi na kaka. Sasa kidonda kimepanda, daktari anasema huenda mguu ukakatwa chini ya goti, na anataka saini tena. Tumemwomba asimwambie mama kwanza, presha isije ikampanda. Je, kaka alikosea? Na safari hii nani asaini?
Kitindamimba, Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo swali la mama nimelisoma mara tatu, na kila mara nimeweka miwani chini.

Kaka alikosea, ingawa aliyempa kalamu alikosea zaidi. Mama yuko macho, akili zake timamu, na sina shaka hakuna mteja anayemdhulumu chenji. Ridhaa ya mwili wake ni yake. Ndugu husaini kwa ajili ya mtoto mdogo au mgonjwa asiyejitambua. Na asiyejitambua akiwa mahututi na ndugu hawaonekani, daktari anamwokoa bila kungoja saini ya mtu. Mama yako hakuwamo katika hao.

Neno “kusafisha” nalo nalijua vizuri, maana nimelitumia miaka 31. Wodini linabeba mengi: kuosha kidonda, kukata nyama iliyokufa, hata kuondoa kidole kilichooza. Mgonjwa akilisikia anafikiria maji na sabuni. Pengine hakuna aliyekusudia kumdanganya, lakini kudanganyika alidanganyika.

Nami nina langu. Usiku mmoja niliingia wodini na fomu na pedi ya wino. Kulikuwa na mama wa kutoka milima ya Lushoto, Kiswahili chake cha kuokoteza, na ndiye wa kwanza kuingia chumba cha upasuaji asubuhi. Nikamshika dole gumba, nikaligandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Akanitazama kwa furaha: “Kwa hiyo kesho naenda nyumbani?” Alidhani ni karatasi ya ruhusa! Nikamtafuta mwenzangu anayejua Kisambaa, tukakaa naye kitandani karibu nusu saa. Alikubali upasuaji, lakini alitaka kwanza mumewe aje achukue mtoto. Wino ulimganda pembeni mwa kucha siku kadhaa, na kila nilipompelekea dawa niliuona.

Sasa nikugeukie wewe. Unamlaumu kaka kwa kumzunguka mama, na papo hapo mmemwomba daktari amfiche habari ya mguu. Tofauti yenu ni ipi? Kule Uskoti alikuwapo mama mmoja, Nadine Montgomery, mfupi wa kimo na mwenye sukari kama mama yako. Mama mwenye sukari anaweza kubeba mtoto mkubwa, mabega yakakwama wakati wa kuzaliwa. Daktari alijua kwamba kwa hali yake hatari hiyo ilikuwa asilimia 9 hadi 10, lakini hakumwambia, akihofia angeomba upasuaji. Mwaka 1999 mabega yakakwama kweli, na mtoto akapata ulemavu. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa mama huyo haki mwaka 2015. Ilisema daktari anapaswa kueleza hatari ambayo mgonjwa wa aina ile angeiona ni nzito, pamoja na njia nyingine zilizopo. Kwa hiyo haitoshi kueleza yale tu ambayo daktari mwenyewe anaona yana uzito.

Na mama yako uzito wake ni nini? Daktari hawezi kukisia kwamba mguu ule ndio unaomsimamisha jikoni tangu alfajiri. Mama mwenyewe ndiye atakayeuliza kama ataweza kupika vitumbua akiwa amekaa. Atauliza kama atapata mguu wa bandia, na hapo daktari amweleze kwamba goti likibaki, kutembea na mguu wa bandia ni rahisi zaidi. Aambiwe pia kama damu bado inafika mguuni, kama dawa za mshipani na kukata nyama iliyooza vinaweza kutosha, na nini kitatokea akikataa. Hapo pa kukataa msipapake asali. Kidonda cha sukari kikisambaza vijidudu kwenye damu kinaua, tena haraka. Huenda daktari yuko sahihi kabisa kuhusu mguu, kwa hiyo barua yangu isiwe sababu ya kumtorosha mama kwenda kwa mganga wa majani. Mazungumzo haya yafanyike leo au kesho, msingoje wiki ijayo.

Habari ya kidole, mnaweza kuonana na mganga mfawidhi wa hospitali, na msiporidhika lipo Baraza la Madaktari Tanganyika. Ila mguu kwanza.

Kaka awepo, akae upande ambao mama anamwona, na asijibu maswali kwa niaba yake. Presha apimwe kabla, kama mnaihofia. Daktari akimaliza, mwombeni mama arudie kwa maneno yake mwenyewe anachokwenda kufanyiwa. Akisema tena “kusafishwa”, daktari aanze upya. Akisema anataka kwanza kumpigia dada yake, mpe simu, mtoke nje.