Gari gani ya zamani ni nzuri kuliko zote?

SWALI: Kaka, mambo. Kijiweni kwetu Magomeni tunabishana kila jioni, mimi nasema Jaguar E-Type, jamaa yetu fundi kang'ang'ania Peugeot 504 ya mzee wake. Tuamulie bana.
– Msomaji, Magomeni

JIBU: Poa mdogo wangu. E-Type hujakosea, ilizinduliwa Geneva 1961 na Malcolm Sayer aliyeichora alitokea kwenye mambo ya ndege, kwa hiyo lile boneti refu limetokana na hesabu za upepo, sio urembo wa kubandika. Ila fundi msimdharau kabisa! 504 ya 1968 ni mkono wa Pininfarina, Waitaliano haohao waliochora Ferrari kibao, hebu ziangalie taa za mbele zilivyokatwa kwa mshazari na buti linavyoshuka kwa nyuma, halafu gari hiyohiyo ikaenda kubeba Safari Rally 1975, na ndugu yake 504 Coupé ya milango miwili ikabeba 1978.

Kura yangu mimi lakini naipa Citroën DS. Ilitoka 1955, aliyeichora, Flaminio Bertoni, alikuwa pia mchongaji wa sanamu na inaonekana, bodi yote imeteleza kama samaki, tairi za nyuma zimefichwa nusu, springi za chuma hakuna, inakalia mafuta ya haidroliki na gesi iliyobanwa, ukiwasha injini inanyanyuka yenyewe taratibu, jamani, mwaka 1955! Hakuna iliyonigusa kama hiyo.

Mercedes 300SL, ile ya milango kufunguka kwenda juu, naiweka ya pili. 504 ya tatu, E-Type ya nne, mwambie fundi kakushinda.