Kwenda Bangkok ni rahisi, kazi ni kurudi Mbeya

Wiki hii kuna msomaji wa Uyole, Mbeya, aliyeandika kwamba amejichanga kwa miaka, amempata daktari Thailand wa kumfanyia upasuaji wa kuondoa matiti ili kifua kiwe tambarare, na anasafiri peke yake. Swali lake lilikuwa moja: ndege gani ina nauli nafuu? Ndugu yangu, ndege ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Anayeumia huumia mara nyingi baada ya kutua Dar es Salaam akiwa na begi begani, au siku ya tatu nyumbani anapoinua ndoo ya maji.

Tuanze na makaratasi, tuyapite haraka. Tiketi, viza na fomu za hospitali vifuate pasipoti herufi kwa herufi, hata kama jina lile hulitumii tena. Jina unaloitwa mwambie nesi kwa mdomo. Thailand wanadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Tanzania, na chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kuingia. Uliza mapema kama wanataka barua ya mtaalamu wa afya ya akili. Mwongozo wa 2022 wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu wanaobadili jinsia, unasema kwa mtu mzima barua moja inatosha, lakini zipo hospitali ambazo bado zinadai mbili, na hutaki kuligundua hilo ukiwa umeshalipa amana. Kama sura yako na picha ya pasipoti vimeanza kuachana, beba barua ya daktari inayosema unakwenda kutibiwa. Si lazima itaje kila kitu.

Sigara acha wiki nne kabla na wiki nne baada. Shisha na ugoro ni hivyo hivyo, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu iliyohamishwa inategemea mishipa hiyo hiyo ili iishi. Daktari anaweza kushona vizuri kabisa, kisha ugoro ukaiua chuchu. Aspirini na ibuprofeni ziache siku zisizopungua 7 kabla, isipokuwa kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo. Hapo muulize daktari kwanza. Homoni usiziache kwa kusikia ya vijiweni. Anayechoma testosteroni (homoni ya kiume) na anayetumia estrojeni (homoni ya kike) hawapewi jibu moja, kwa sababu estrojeni ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuongeza hatari ya damu kuganda.

Halafu keloidi. Watu wengi hawaliulizi hili, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio linalotuhusu zaidi. Angalia alama yako ya chanjo begani, au tundu la hereni. Kama kovu limevimba na kutoka nje ya mipaka yake, piga picha umtumie daktari kabla hamjakubaliana aina ya upasuaji. Anaweza kupanga mkato kwa namna nyingine, au akakuandalia mabamba ya silikoni ya kubandika kidonda kikishafunga, na sindano za kovu baadaye.

Panga kukaa kule siku 10 hadi 14. Siku mbili za kwanza ndizo damu huweza kujikusanya chini ya ngozi, na upande mmoja ukivimba ghafla na kukaza kuliko mwingine, bonyeza kengele, usisubiri asubuhi. Kama daktari ameweka mirija ya kutoa majimaji, utarudi nayo hotelini, na hapo ndipo upweke unapoanza kugharimu. Mara mbili kwa siku uimwage hivi: nawa mikono. Shika mrija kwa vidole vya mkono mmoja karibu na ngozi, uutulize usivute mshono, kisha kwa mkono wa pili ukamue kuelekea kwenye kipira cha mwisho kinachokusanya majimaji. Fungua kizibo, mimina kwenye kikombe cha vipimo, soma mililita, andika. Sasa liminye lile pira mpaka libonyee kabisa, na ulifunge likiwa limeminywa hivyo hivyo. Ukilifunga limejaa hewa halivuti chochote, na majimaji yanabaki kifuani. Mirija hutolewa kwa kawaida majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, ndiyo maana daftari lile lina kazi. Usipande ndege ukiwa na mirija bila daktari kuruhusu.

Dawa za maumivu zichunguze kabla ya kufunga begi. Tramadoli na kodeini zina sheria kali Dubai, na ukipitia pale bila kibali zinaweza kukuletea kesi. Omba dawa nyingine, au upitie njia nyingine. Ndani ya ndege vaa soksi za kubana, kunywa maji, inuka utembee kila saa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata, hiyo ni dharura, si uchovu wa safari.

Sasa Dar. Lala pale usiku mmoja au miwili. Fedha ya ndege ya kwenda Songwe itenge tangu mwanzo, tena usiiguse. Ikishindikana, basi kutoka Mbezi ni zaidi ya kilomita 800: matuta ya Mikumi, kona za Kitonga, na mkanda unaopita katikati ya kidonda. Kunja kitenge mara nne ukiweke kati ya mkanda na kifua, na ukate safari kwa kulala Iringa. Begi liwe la magurudumu, na mpagazi alipwe. Kuona haya kuomba msaada ni kiburi tu.

Nyumba iandae kabla hujaondoka. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na wewe kwa wiki nne hadi sita huruhusiwi hata kilo 5, wala kupandisha viwiko juu ya mabega. Kwa hiyo unga, sufuria na chumvi vishushwe usawa wa kiuno. Tafuta kijana wa kukuletea maji. Godoro la chini linakulazimisha kujisukuma kwa mikono, hivyo lala kitandani, chali, mito mitatu mgongoni. Baridi ya Mbeya ya Juni ivalie sweta la zipu, si la kuvutia kichwani.

Mtu mmoja tu ajue ukweli wote, akiwa na nakala ya pasipoti na namba ya hospitali. Wengine waambie umefanyiwa upasuaji wa kifua na umekatazwa kunyanyua vitu. Ni kweli, na kweli fupi haisahauliki.

Kabla ya kuondoka Thailand dai ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, na orodha ya dawa. Ukipata homa ya nyuzi 38, usaha, au wekundu na joto linaloenea (kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa mkono), nenda Hospitali ya Rufaa na ile ripoti. Jipu la kidonda daktari wa upasuaji yeyote analijua. Anachohitaji ni tarehe, aina ya mkato na dawa ulizokwisha kumeza.

Na nauli, msomaji wa Uyole, linganisha ya kupitia Addis Ababa na ya kupitia Doha, halafu chukua tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe.