Majibu ya ANA, RF na VDRL: nawajibu mlioniuliza

Haya jamani watu wa Tanga, maswali wiki hii ni mengi na karibu yote ni ya mtu kapima damu karatasi imerudi na neno pozitivu, roho ikaruka. Kingamwili, yaani antibodi, ni askari wa mwili wa kukamata vijidudu, sasa kuna watu askari wao wanageuka wanawakamata wenye nyumba, hao wakosaji ndo tunaowatafuta: ANA inatafuta wanaoshika viini vya seli, hasa kwa ajili ya lupasi, ugonjwa wa askari hao kushambulia viungo, ngozi na figo; RF ni ya baridi yabisi, ugonjwa wa viungo; VDRL ni ya kupima kaswende, lakini nayo inaweza kuwanasa wakosaji hao.

Nimepima ANA imetoka pozitivu 1:80, nikaingia mtandaoni ikaja lupasi, siku ya pili leo silali. Dalili sina zaidi ya uchovu. (Dada, Makorora)

Dadaangu lala. Mimi kazi yangu ni maabara kwa hiyo nikueleze inavofanyika: majimaji ya damu yako yanazimuliwa mara 80, yanawekwa juu ya kioo chenye seli, inaongezwa rangi inayong'aa, halafu mtu anaingia chumba cha giza na hadubini. Kama hizo antibodi zipo, viini vya seli vinawaka kijani kama vimulimuli kwenye shamba la mkonge usiku. Tunaendelea kuzimua, 1:160, 1:320, mpaka mwanga ufe. Wewe wako umeishia 1:80. Kuna utafiti ulichapishwa 1997, walichukua watu wazima wasioumwa chochote, karibu 13 kati ya 100 walikuwa na 1:80, na watano walifika 1:160, na hao wanakula wanatembea. Hata malaria au ugonjwa wa thairoidi, tezi ya shingoni, unaweza kuipandisha.

Ila simaanishi ANA haina kazi. Wagonjwa wa lupasi karibu wote wanayo, ndo maana vigezo vya 2019 vya madaktari wa Ulaya na Marekani vimeifanya 1:80 kuwa mlango, lakini ukishaingia mlangoni bado uko ukumbini tu, wanataka waone viungo kuvimba, vipele vya shavuni jua likikupiga, vidonda mdomoni, protini kwenye mkojo, na antibodi za lupasi zenyewe hasa, kama anti-dsDNA na anti-Sm. Hiyo Sm ni kifupi cha jina la mgonjwa, damu yake ndo ilikutwa nayo 1966, na mpaka leo ikitoka pozitivu huwa nainyanyukia kitini kumpigia daktari, maana ni nadra sana kuikuta kwa asiye na lupasi. Wewe anza na wingi wa damu, thairoidi na mkojo.

Nirudie ANA kila miezi mitatu nione kama inashuka? (Kaka, Muheza)

Usirudie, unachoma hela. ANA haifuati ugonjwa kupanda na kushuka. Kama una lupasi tayari, cha kufuatilia ni anti-dsDNA, komplimenti (protini za kinga kwenye damu) na mkojo, maana figo zinaharibika kimyakimya.

Mama yangu anauza maandazi hapa Ngamiani, asubuhi vidole vimekaza hawezi kukanda unga mpaka saa nne, RF imetoka negativu tukaambiwa hana baridi yabisi. Ni kweli?

Hapana mdogo wangu, na hili linaniuma kwa sababu nimeona kina mama wanarudishwa nyumbani na diklofenaki, dawa ya maumivu, miaka na miaka mpaka vidole vinapinda. Katika wagonjwa 10 wa baridi yabisi, wawili watatu RF haitoki kabisa, na upande wa pili inaweza kutoka kwa mwenye kifua kikuu au homa ya ini C ambaye viungo vyake ni vizima. Ombeni anti-CCP, kipimo kingine cha antibodi za baridi yabisi, hiyo haimsingizii mtu ovyo, ingawa nayo ikiwa negativu haifungi kesi. Angalia mwenyewe: ukimpa shikamoo ukamshika mkono anashtuka? Vifundo vimevimba mikono yote miwili? Imepita wiki sita? Na muulize kama ilianza na homa kali ghafla, maana chikungunya, ile iliyopewa jina kwa Kimakonde baada ya mlipuko wa kusini mwaka 1952, nayo inaacha viungo vinauma miezi. Kama homa haikuwepo basi mpelekeni hospitali ya Bombo kwa daktari wa magonjwa ya ndani, mwambieni hizo saa za asubuhi kama ulivoniambia mimi, na kuhusu unga.

Mimba tatu zimetoka, kliniki VDRL ikasema kaswende, mume kaniona malaya. Sijawahi kutoka nje. (Dada, Pangani)

Pole sana dada, na ninakuamini. VDRL haimtafuti mdudu wa kaswende, inatafuta antibodi za mafuta yanaitwa kadiolipini, na mafuta ya kwenye kipimo hutolewa moyo wa ng'ombe. Sasa kuna watu, wengine wana lupasi na wengine hawana, mwili wao unatengeneza antibodi hizohizo bila kaswende yoyote, na ndo hizo zinazogandisha damu kwenye kondo mimba ikatoka. Omba TPHA, kipimo kingine cha damu, hicho kinatafuta antibodi za mwili dhidi ya mdudu mwenyewe wa kaswende. Ikiwa negativu, omba antibodi za kadiolipini na lupasi antikoagulanti (kipimo cha antibodi za aina hiyohiyo, jina lisikutishe, si lazima uwe na lupasi), zirudiwe baada ya wiki 12 maana ugonjwa wa kawaida nao unazipandisha kwa muda. Zikithibitika, mimba ijayo unasimamiwa na daktari, kwa kawaida aspirini ndogo na sindano za heparini za kuzuia damu isigande, na wengi wanajifungua salama. Siku ya majibu ya TPHA nenda na mumeo, asomewe yeye karatasi.