Baiskeli iliyolala stoo miaka minne: matairi yake yanafaa?

SWALI: Baiskeli yangu imekaa stoo miaka minne, imesimamia matairi yasiyo na upepo. Juzi jioni niliyajaza, asubuhi nikayakuta yote mawili yamelala chapa. Sioni msumari wala mwiba. Ninunue tyubu tu, au na matairi?

JIBU: Usinunue kitu bado. Tairi kuishiwa upepo baada ya miaka minne si pancha. Mpira wa tyubu hata ukiwa mzima hupitisha hewa kidogo kidogo. Kulala usiku mmoja ndiko kunakoonyesha uvujaji, na yakilala yote mawili bila mwiba, mshukiwa wa kwanza ni valvu.

Kama valvu zako ni zile za zamani, zenye kijiti cha chuma kilichovishwa kipira chembamba, kipira hicho huzeeka mapema: hukauka, hupasuka au hugandia chuma. Fungua nati, chomoa kijiti, kwangua mabaki, kisha vika kipira kipya ukikilowesha maji ili kiteleze. Lazima kifunike kitundu cha pembeni. Zile za aina ya gari zina sindano ndani. Huenda imelegea tu. Jaza upepo, paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Povu likipanda, umempata mwizi.

Sasa tairi. Toa upepo wote, kunja ukuta wake kwa vidole, hasa pale palipokuwa pamebanwa kati ya ringi na sakafu. Nyufa nyembamba za juu juu zinavumilika kwa safari fupi. Nyufa zinazoonyesha nyuzi, uvimbe, au waya wa ukingoni ulioliwa na kutu, hapo hakuna kubembelezana: tupa. Tairi la namna hiyo likipasuka, hupasuka likiwa limejaa, na wewe uko juu yake. Ukinunua jipya, fuata namba za ubavuni, mfano 47-559: upana wa milimita 47, kipenyo cha 559 pale tairi linapokaa kwenye ringi. Inchi peke yake hudanganya, maana matairi mawili yanayoitwa 28 yanaweza yasiingiliane.

Tyubu itoe kwa liva (kijiti bapa cha kubandua tairi kwenye ringi), si bisibisi. Bisibisi huzaa pancha ya pili. Ijaze hadi inenepe kidogo, izamishe kwenye beseni kipande kwa kipande. Tundu upande wa ndani, unaotazama ringi, maana yake kichwa cha spoki kimejitokeza au utepe wa ringi, ule unaofunika vichwa vya spoki, umeoza. Badilisha utepe kwanza, la sivyo utaziba kila wiki. Ufa kwenye shina la valvu hauzibiki, nunua tyubu. Vivyo hivyo ikiwa imechanika kwenye mikunjo yake.

Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi (kitambaa, si kidole), na ringi ya chuma yenye kutu isugue kwa msasa. Tia tyubu upepo kidogo isijikunje. Anza upande ulio mkabala na valvu, malizia kwenye valvu kwa mikono mitupu. Jaza nusu, zungusha gurudumu: mstari wa ubavuni uwe umbali uleule kutoka ringi pande zote. Ndipo ufikishe kiwango kilichoandikwa ubavuni. Matairi mengi mapana huwa kati ya psi 40 na 65 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Liache hadi kesho yake.

SWALI: Kila kiraka ninachobandika kinabanduka baada ya siku mbili. Gundi ni mbovu?

JIBU: Inawezekana, tyubu ya gundi ikishafunguliwa hukauka yenyewe kabatini, na ikiwa nzito kama ugali haifai. Ila mara nyingi kosa ni haraka. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka hadi mng'ao uishe, na ule mstari ulioinuka wa kiwandani uulaze kabisa, maana hewa hupenya pembeni yake. Futa vumbi, usiguse tena. Paka gundi nyembamba, kisha subiri kama dakika tano, hadi isilowe. Watu wengi hubandika ikiwa mbichi, kiraka kinateleza na hakishiki. Kandamiza kutoka katikati kwenda kingoni. Na usiweke kiraka juu ya kiraka cha zamani: kibandue, au nunua tyubu.