Kuwasha keneli kwenye QEMU bila kuunda ISO kila mara

Mkuu, umeuliza kama kuna njia ya mkato, maana kila ukigusa keneli yako (kiini cha mfumo endeshi) unaunda ISO (faili la picha ya CD) upya ndipo uiwashe kwenye QEMU, programu ya mashine pepe. Ipo. Nimeteseka hivyohivyo hapa Mtwara na laptopu ya GB 4 yenye betri iliyochoka. Umeme ukikatika nina dakika 40 tu, nusu yake zinaliwa na ISO.

Kama ni keneli ya Linux, diski na GRUB (programu ya kupakia keneli) weka kando:

qemu-system-x86_64 -kernel arch/x86/boot/bzImage -initrd initrd.img -append "console=ttyS0" -nographic

QEMU yenyewe inaipakia keneli (bzImage) na initrd (mafaili ya kuanzia) kwenye memori na kuikabidhi yale maneno ya -append. Na hapo kwenye -append ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza sikuweka console=ttyS0, yaani maandishi yapitie poti ya serial, ambayo -nographic inaileta kwenye terminali. Ikatokea "Booting from ROM..", kisha kimya. Nikakesha nachokonoa kodi isiyo na kosa lolote, kumbe keneli inawaka vizuri tu, ila maandishi yake inayapeleka kwenye skrini ya VGA, ambayo -nographic haionyeshi. Asubuhi nilipoongeza neno hilo moja, mistari ilimwagika kama korosho kwenye gunia lililotoboka. Ukikutana na "Unable to mount root fs", usianze kufumua kodi, kwanza angalia kama umeipa initrd au diski ya kusoma.

Kama keneli umeiandika mwenyewe, -kernel inakubali pia Multiboot ya kwanza (kanuni za kupakia keneli), ile yenye namba 0x1BADB002 ndani ya baiti 8192 za mwanzo za faili. Lakini faili liwe ELF (muundo wa faili la programu) ya biti 32, la biti 64 linakataliwa. Ukitumia Multiboot2 huna ujanja, rudi kwenye grub-mkrescue (ya kuunda ISO) na -cdrom. Mimi ISO naiunda mwishoni tu, nikitaka kuhakikisha GRUB nayo inaikubali. UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta badala ya BIOS) nayo inawezekana kwa OVMF, UEFI ya mashine pepe, ila kwa kazi yako ya sasa ni kujichosha bure.

Keneli ikijizima na kuwaka tena bila kusema kitu, ongeza -s -S. Mashine itasimama kabla ya amri ya kwanza, nawe unaingia na gdb (programu ya kusaka makosa) kupitia poti 1234.

Kutoka QEMU ukiwa na -nographic: bonyeza Ctrl-A, achia, kisha x. Mimi wiki nzima nilikuwa nafunga dirisha la terminali kwa hasira.