Sheria ya 1890 ya kufunga magharibi ya Marekani iliitwaje?

SWALI: Nafundisha Historia kidato cha sita. Kitini tunachotumia kinasema mwaka 1890 serikali ya Marekani ilifunga mpaka wa magharibi kwa sababu ardhi tupu ilikuwa imekwisha. Wanafunzi wanauliza sheria hiyo iliitwaje, nami siioni popote. Naomba msaada. – Mwalimu, Iringa

JIBU: Huioni, mwalimu, kwa sababu haikuwahi kuwapo. Hakuna bunge lililoipigia kura wala rais aliyeitia saini. Kilichopo ni aya fupi katika taarifa ya sensa ya 1890, iliyosimamiwa na Robert Porter. Watu wa sensa walikuwa wakichora kwenye ramani mstari (ndio huo "mpaka" wa kitini chako) wa kutenga maeneo yenye angalau watu wawili kwa maili ya mraba na yale yenye wachache zaidi. Safari hii wakasema makazi yamechomoza huku na kule hata mstari hauchoreki tena. Basi, hakuna zaidi. Aliyeipa aya hiyo uzito ni mwanahistoria Frederick Jackson Turner, katika hotuba yake ya Chicago tarehe 12 Julai 1893, alipojenga juu yake hoja kwamba uwepo wa ardhi ya magharibi ndio uliolea demokrasia ya Marekani, na kwamba enzi hiyo sasa imepita.

Kwamba ardhi ilikwisha ni uongo unaopimika. Miezi miwili baada ya hotuba ile, tarehe 16 Septemba 1893, watu wanaokadiriwa kuzidi 100,000 walishindana mbio huko Oklahoma, kwa farasi, mikokoteni na miguu, kuwahi viwanja katika eneo lililojulikana kama Cherokee Outlet. Sheria ya Homestead ya 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 akiishi na kulima hapo miaka mitano, haikufutwa 1890. Mashamba mengi zaidi yaligawiwa baada ya mwaka huo kuliko kabla yake, na kilele kilikuwa 1913. Mwaka 1909 kiwango kilipandishwa hadi ekari 320 katika nyanda kavu, na huko ndiko walowezi walikopindua majani yaliyoshika udongo. Miaka ya 1930 upepo ukaubeba. Ukitaka kweli tarehe ambayo serikali ilianza kufunga milango, soma Sheria ya Taylor ya 1934 kuhusu malisho. Homestead yenyewe ilifutwa 1976, na Alaska ikaongezewa miaka kumi.

Lakini neno linalonikera kuliko yote katika kitini hicho ni "tupu". Nalikuta kila muhula, kwenye insha za wanafunzi werevu kabisa, na hakuna aliyewaambia waulize tupu kwa hesabu ya nani. Wenyeji asilia waliohesabiwa kuwa "wasiolipa kodi" waliwekwa kando ya hesabu ya kawaida ya wakazi. Bonde lingeweza kuwa na kambi, makaburi na njia za mawindo za karne nyingi, na kwenye ramani likabaki jeupe. Hata Cherokee Outlet ilikuwa ya taifa la Wacherokee mpaka waliposhinikizwa kuiuza. Sheria ya Dawes ya 1887 ilikata ardhi za makabila vipande vya familia mojamoja na kuwauzia walowezi kilichobaki: zilikuwa ekari zipatazo milioni 138, na kufikia 1934 zilibaki kama milioni 48. Na Desemba 1890, mwaka uleule wa sensa, jeshi liliua mamia ya Walakota, watu wa taifa jingine la wenyeji asilia, pale Wounded Knee, wakiwemo wanawake na watoto. Anayeandika "ardhi tupu ilikwisha" amewafuta watu hao wote kwa maneno matatu.

Wauza vitini wanaoahidi "historia nzima kwa kurasa 40" wanajua mtahini anapenda tarehe, kwa hiyo wanazalisha tarehe. Taarifa ya sensa inageuka sheria, hoja ya msomi mmoja inageuka tukio, na kijana anaikariri hadi chuo kikuu, ambako inachukua muhula mzima kuing'oa. Kitini chochote kinachosema "serikali ilifunga" au "serikali ilipitisha" bila kutaja jina la sheria, usikitoe nakala. Mwandishi wake hakuiona hiyo sheria, alinakili kwa mwenzake ambaye naye hakuiona.