Usifuate Maandishi ya Pakiti: Barua kwa Binti Yangu Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako anasema ukipiga simu tena umwulize habari za goti lake. Usipouliza nitasikia mimi.

Uliniuliza mbona nyuma ya nyumba hapa Nakuru hakukosekani ua mwaka mzima, ilhali huko kwako Nyamasaria mawaridi uliyotoka nayo hapa yamebaki vijiti. Ukauliza tena: pakiti za mbegu ulizonunua zinasema upande majira ya kuchipua, je, kwetu huo ni mwezi gani?

Huo mwezi haupo. Zihifadhi mbegu, maandishi yaache. Yameandikiwa nchi ambako mchana hurefuka mpaka watu wakalale bado kweupe, kisha hufupika mpaka watoto watoke shule gizani. Wewe unaishi karibu na Maseno, mstari wa ikweta unapopita na watu kusimama kuupigia picha. Sisi nasi tukishika njia ya Baringo tunaukuta Mogotio. Mchana wetu ni saa kumi na mbili na dakika chache, iwe Januari, iwe Julai. Kwa hiyo maua mengi tunayopanda yanafuata vitu viwili: maji, na baridi ya usiku.

Nianze na maji, maana hayo tunashirikiana. Sasa hivi, Februari, bustani yangu ni vumbi. Udongo wa huku ni majivu ya volkano tangu enzi za mlima Menengai, mwepesi, ukiumwagilia asubuhi jioni umekauka. Nimetandaza nyasi kavu kwenye mashina, na maji ya kuoshea mboga yote yanaishia kwa mawaridi. Lakini tazama bogenvilia ya ukutani: haijapata hata kikombe na imewaka yote. Ndivyo ilivyo, ikiona kiu inachanua, ikishiba maji inatoa majani. (Na ile rangi unayoisifu si ua, ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati.) Mishubiri nayo imetoa mikuki ya rangi ya chungwa, na ndege chozi hawabanduki hapo.

Machi ndiyo inayowaponza wengi. Mvua moja inanyesha, watu wanakimbilia vitalu kununua miche, halafu jua linarudi wiki mbili na kuchoma kila kitu. Mimi ninangoja mpaka nichimbe kwa jembe nikute unyevu umefika urefu wa kiganja. Wa kwanza kunijibu ni lile yungiyungi la mwituni lililo chini ya mparachichi: linatoka kwenye udongo mtupu, bila jani, mpira mwekundu juu ya shina. Hilo halijawahi kuhitaji mkono wangu.

Aprili na Mei ni konokono, magugu na madoa meusi kwenye majani ya mawaridi. Sina la kusifu hapo. Kisha huku kwetu mvua haikatiki kabisa, tofauti na Nairobi. Julai na Agosti inarudi, pamoja na baridi ya kuvalia sweta, na hapo ndipo dalia na mawaridi yanapokuwa katika enzi yao. Wewe ulizoea kuja likizo ya Agosti, ndiyo maana unadhani bustani hii iko hivyo siku zote! Ungekuja Februari ungenihurumia. Mijakaranda inafuata kuanzia Septemba, inapukutisha majani na kuvaa zambarau, kisha mvua fupi za Oktoba na Novemba zinaiangusha rangi yote barabarani.

Sasa jambo la baridi, na hapa ndipo waridi lako lilipokwama. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu ni kama 1,130. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua karibu nyuzi 6, kwa hiyo usiku wako una joto ambalo mmea wangu haujawahi kulijua. Mashamba makubwa ya mawaridi yako Naivasha kwa sababu ya maji ya ziwa, na pia kwa sababu usiku wake ni wa baridi: tumba linakua polepole, linanenepa. Mfano mzuri zaidi ni pareto, lile zao la dawa ya wadudu. Kule Molo inajaa maua meupe kwa sababu inahitaji wiki kadhaa za baridi ndipo ishike matumba. Ukiipeleka Kisumu utapata majani tu, na hakuna mbolea itakayoibembeleza.

Udongo wako nao ni mweusi, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Mizizi ya waridi ikikaa ndani ya maji yake inaoza. Kwa hiyo usinunue waridi lingine. Inua tuta kwa jembe kiasi cha kwenda goti, changanya mchanga na samadi iliyokwisha kuoza, kisha panda vinavyopenda joto: haibiskasi, franjipani, bogenvilia kwenye uzio wa nje. Pale chini maji yanaposimama weka kana, hizo hazijali. Mwagilia asubuhi, na siku ukiona wingu zito la alasiri weka ndoo chini.

Jirani yako anayekushauri utumie gugu maji kutoka ufuoni Dunga hajakosea, linatengeneza mboji nzuri. Ila lianikwe mpaka likauke kabisa kwanza. Na usithubutu kuliweka kwenye beseni ati kwa kuwa ua lake linapendeza. Kupendeza huko ndiko kulikowafanya watu walitoe Amerika Kusini na kulisambaza duniani, na wavuvi wa Kisumu wanajua kilichofuata.

Ijumaa nitatuma kifurushi kwa matatu. Ndani kuna kana zilizofungwa kwenye gunia lenye unyevu, na vipande vya matawi ya bogenvilia. Vipande vichomeke kwenye mikebe, vikae kivulini, usivitoe mpaka mvua ishike. Kuna pia mfuko wa viazi vya Molo ambao mama yako ameongeza. Hivyo ni vya kupika.

Baba yako